Kushuka Kunaanzia Mbale

Kwa miaka sita niliendesha ndege ndogo ya pangaboi kati ya Entebbe na viwanja vya vumbi vya kaskazini-mashariki. Wakati wa kurudi alama yangu ilikuwa moja: nikiiona Jinja, mto ukitoka ziwani, naanza kushuka. Mimi ni mtoto wa Jinja, macho yangu yanajua nyumbani, na kwa hilo nilijidai sana.

Kisha nikahamishiwa jeti. Ndogo, ya abiria hamsini, lakini jeti. Mkufunzi wangu alikuwa rubani mstaafu wa jeshi, Mnubi wa Mbale ambaye sote tulimwita afande. Siku ya mtihani wangu wa mwisho, kabla hatujapaa kurudi Entebbe, alinikumbusha kwamba jeti haipungui mwendo kama pangaboi, na kwamba injini zake ukizilaza kwa kuzipunguzia nguvu huchukua sekunde kadhaa kuamka. Kwa hiyo nikiuona mlima Wanale, ule unaoinukia juu ya Mbale, nianze kushuka. Nikaitikia. Kuitikia ni rahisi.

Wanale ukapita kushoto kwangu, nami nikautazama kama mtalii. Mkono haukusogea. Ulikuwa unaingoja Jinja.

Jinja ilipotokea, mabati ya maduka yakimeta, ndipo nikaukumbuka Wanale. Nilikuwa nimechelewa vibaya. Nikazilaza injini, nikainamisha pua. Pangaboi ingeshapungua mwendo. Hii ikazidi kukimbia. Nikafungua breki za hewa, ndege ikatetemeka yote, na bado tulikuwa juu mno na tuna kasi mno. Afande alikuwa ameweka mikono mapajani. Mwanzo niliogopa kufeli. Halafu nikawakumbuka abiria nyuma ya mlango, nikaogopa kwelikweli.

Uwanja wa Entebbe ukatokea mbele, mfupi kama mkeka. Nikajidanganya kwamba bado naweza kutua. Nilichotakiwa kusema ni kwamba narudi juu, basi, lakini nikazidi kuinamisha pua, maana kusema hivyo ni kukiri kosa.

"Wewe naogopa?" afande akauliza kwa Kiswahili chake cha kambini.

"Naogopa, afande."

"Basi rudi juu. Hii ndege hapana jua haya yako."

Nikafunga breki, nikasukuma nguvu mbele. Kimya. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, mitumbwi ya wavuvi chini yetu ikizidi kuwa mikubwa, na sijawahi kuhesabu kitu kirefu hivyo. Ndipo injini zikanguruma.

Tukazunguka ziwa, nikatua vizuri mara ya pili. Afande hakunitilia saini ya kufaulu. Alisema nitarudia safari tano naye, na kila tukifika Wanale nitatamka kwa sauti kwamba naanza kushuka. Sikubisha.

Nilisimama mlangoni kuwaaga abiria. Hajati mmoja akanipa mkono, akanishukuru kwa kuwazungusha waone ziwa mara mbili. Nikamwambia karibu tena. Hakuuachia mkono wangu.

"Mbona baridi hivi, mwanangu?" akasema. "Vaa sweta."