Wino Kiganjani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya msingi huko Mpuguso, Mwalimu Mkuu alinikabidhi filimbi, mpira wa netiboli na kidau cha wino wa mhuri. "Wewe bado kijana," akasema, "utakuwa mwalimu wa michezo." Sikuwa nimewahi kupuliza filimbi maishani. Nikaipuliza hivyo hivyo, kuku wa jirani wakatimua mbio.

Ninyi walimu wa sasa mnaulizwa vikombe tu. Sisi tulifundisha mtoto akubali uamuzi wa refa bila kununa, na mchezo ukiisha apeane mkono na mwenzake. Hapo nilikuwa mkali kweli. Mtoto akitoa vidole viwili badala ya mkono mzima, timu nzima inarudia.

Kisha nikahamishiwa Isongole, na huko ndiko nilikoharibu. Tulikuwa wenyeji wa mbio za nyika, zile zinazopita mashambani. Ili mtu asikatishe njia, mwalimu wa kona ya mbali alimpaka kila mkimbiaji wino kwenye kiganja cha kulia. Ukungu wa siku hiyo, mwe! Humwoni mtu hatua kumi. Atupele, wa darasa langu, akatokea wa kwanza kutoka katikati ya viazi, peke yake. Nikamfunua kiganja. Hakikuwa na kitu.

"Mwalimu, nilipotea njia," akasema huku analia.

Mwalimu Mkuu wa pale alikuwa nyuma yangu. "Ukungu huu nani kaona? Maliza hilo, wageni wanakuja."

Nikachovya kidole gumba kwenye kidau changu, nikampaka. Mara akaingia Neema, msichana wa shule ya Kisiba. Atupele, kama nilivyomfundisha, akamwendea na kumpa mkono.

Neema alitazama kiganja chake. Alama yake ilishakauka zamani, na juu yake kulikuwa na wino mbichi. Akanitazama mimi. Akajifuta kwenye sketi, akaenda kusimama nafasi ya pili.

Tangu hapo, timu ya Kisiba ikija nilikuwa namwachia mwenzangu filimbi. Nilipostaafu walisoma hotuba ya kunisifu kwa uadilifu, nami nikaiacha soda yangu mezani.

Wiki iliyopita nilikutana na Neema sokoni Tukuyu, sasa ni mama mzima.

"Shikamoo, mwalimu. Nasikia Ijumaa utaongea na watoto shuleni. Binti yangu anakimbia. Kila siku ananiuliza kwa nini mimi niliacha baada ya Isongole."

"Ukamwambiaje?"

"Sijamwambia. Nakuachia wewe. Ijumaa nami nitakuja."

Leo ni Alhamisi. Nimeandika maneno yangu mara tatu, nikachana. Nawaogopa watoto hao kuliko nilivyomwogopa mkaguzi yeyote. Kesho nitawaeleza habari ya wino, yote, kisha nitampa Neema mkono mbele yao, kama ataupokea.