Mbuzi Yule, Mwanamke Fulani

Hasira zangu ziko karibu, na kazi yangu hainisaidii hata kidogo: nafundisha watu wazima kuandika Kiingereza cha chuo kikuu, hapa Lodwar, chini ya mabati yanayotuchoma sote bila kubagua. Ugomvi wetu wa kila siku ni vijineno viwili, 'a' na 'the'. Kiswahili hakina habari navyo, na wanafunzi wangu huvimwaga kwenye karatasi kama chumvi.

Ila kuna mmoja ninayemvulia kofia mpaka leo. Binti wa wafugaji wa Kakuma, alikuja na pendekezo la utafiti wa shahada yake: kwa nini akina mama wa kwao huuza mbuzi katika soko la kambi ya wakimbizi wakati wa ukame. Jopo la wahadhiri lilikuwa limeshalikataa, eti lugha haieleweki. Likikataliwa tena, nafasi yake chuoni imekwenda.

Nikalisoma. Kila mbuzi alikuwa 'the goat'. Mbuzi akila, 'the goat'. Mbuzi akifa, 'the goat'. Ai! Nilizungushia kalamu nyekundu mpaka karatasi ikaonekana ina surua.

"Madam," akaniuliza kwa upole, "sasa hii 'a goat' ni mbuzi ya nani?"

"Ya mtu yeyote. Mbuzi tu."

Alicheka akashika mbavu. "Hakuna mbuzi tu! Kwetu kila mbuzi iko na rangi yake, alama ya sikio, na mama yake tunamjua."

Ni mimi niliyewafundisha kwamba 'the' ni ya kitu kinachojulikana, na huyu alikuwa ameitii kanuni yangu kuliko mtu yeyote.

"Sawa," nikamwambia. "Lakini msomaji wako ni mgeni. Boma lenu hajalikanyaga. Mjulishe kwanza na 'a', akishazoea ndipo umpe 'the'."

Hapo hapo alishika. Tangu siku hiyo akawa akifika kwenye kila nomino anasimama, ananong'ona, "Anamjua? Hamjui," kisha anaandika. Mimi niliyesoma vitabu vizima vya sarufi sijawahi kuona mtu akimheshimu msomaji namna ile. Nilimpenda kwa hilo, na sioni haya kulisema.

Akaleta nakala ya mwisho. Safi! Mbuzi wote wamekaa mahali pao, isipokuwa katika sentensi ya kwanza kabisa: 'A woman sold the goat.' Nikachukua kalamu.

"Hiyo wacha, madam."

"Niwache nini? Mbuzi hajatajwa bado!"

"Wacha tu."

Nilifura, lakini jina kwenye karatasi lilikuwa lake. Nikaacha.

Siku ya jopo nilikaa nyuma. Mhadhiri mmoja hakupita hata mstari huo wa kwanza. "Mbuzi yupi? Hujatutajia mbuzi yeyote."

Ndiyo ile ile niliyotaka kuisahihisha!

Binti alisimama wima. "Ukame ukikaa sana, wengine wote wamekufa au wameuzwa. Anabaki mmoja. Pale nyumbani hakuna anayeuliza ni yupi. Utafiti wangu unamhusu huyo: ni nini kinamfanya mama auze yule aliyebaki."

Wahadhiri wakatazamana. Kisha mwenyekiti akasema aendelee, na walipomaliza kumhoji wakalipitisha pendekezo. Nilibana midomo nisipige vigelegele mle ndani.

Tulipotoka nje nikamkumbatia, halafu ualimu ukanirudia. "Na huyo mwanamke je? Mbuzi umempa 'the', yeye ukamwandikia 'a', kama mtu usiyemjua!"

Akakunja karatasi zake taratibu.

"Ni mama yangu, madam. Aliuza ili nisome. Ningeandika 'my mother', wangenihurumia. Mimi nilitaka wasome."