Siku Nilipomsemea Mke wa Mwanangu

Namshukuru Mungu aliyenifikisha kwenye mvi, akanipa na wajukuu. Wema wake haujanipungukia hata siku moja. Lakini hasira ninayoiandika hapa sijamwomba aniondolee, kwa kuwa naiona ni ya haki.

Mke wa mwanangu wa mwisho alikuwa na mimba ya kwanza. Mwanangu hukata miwa mbali, mke wangu alishatangulia mbele za haki, kwa hiyo hapa Malinya tulibaki wawili, kila mtu na nyumba yake. Kwetu baba mkwe hasogeleani na mke wa mwanawe. Simpi mkono, siingii chumbani mwake, na mambo ya tumbo lake hayapiti midomoni mwangu.

Mimba ikiwa ya miezi mitano, alikwenda kliniki. Muuguzi akamwuliza kama hutumia miti shamba. Akasema kweli: alichemsha majani ya maumivu ya mgongo, aliyoonyeshwa na mama yake. Muuguzi akapaza sauti mbele ya foleni nzima, "Unakula majani kama mbuzi, halafu unatuletea tumbo? Mwambie mganga wako akuzalishe!" Wanawake wakacheka. Niliyapata haya kwa jirani yetu aliyekuwa kwenye foleni hiyo, naye aliyasimulia bado akicheka.

Kanisani tunawafundisha watoto kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Huyu alisema kweli, akaitwa mbuzi.

Mwezi wa tisa, jirani huyo huyo akamletea jioni chupa ya maji ya magome, ya kuharakisha uchungu. Niliwaona uani. "Kunywa yote, utazaa kabla ugali haujaiva!" Naye akainywa yote. Mama yangu mzazi alitibu wajawazito kwa majani, lakini aliuliza miezi kwanza, na dawa ya kuharakisha uchungu hakumpa mtu kamwe. Nilijua hilo, nikanyamaza. Nikakuita kunyamaza kwangu heshima.

Asubuhi maumivu yakamshika bila kumpa nafasi ya kuvuta pumzi. Tukakodi gari hadi hospitali. Muuguzi wa huko, binti mpole, akamwuliza, "Mama, kuna dawa yoyote umekunywa? Niambie tu."

"Hakuna, sista."

Akauliza tena. "Hakuna."

Nilikuwa mlangoni, mahali ambapo hata kusimama kwangu kulikuwa aibu. Nikasema, "Amekunywa, binti yangu. Chupa nzima ya magome, jana jioni."

Mke wa mwanangu akajifunika uso. "Baba! Hata wewe?"

"Hata mimi, mama."

Yule binti hakumcheka. Alisema, "Asante, mzee," akakimbia kumwita daktari. Wakampasua, kwa sababu mtoto alikuwa ameanza kuchoka. Ni msichana. Yu hai, na mama yake yu hai. Utukufu ni wa Bwana.

Siku ya chanjo ilipofika, akakataa kwenda kliniki. "Watanicheka, Baba." Nikaenda naye, nikaketi foleni katikati ya akina mama. Muuguzi yule yule wa siku ya mbuzi akaniona.

"Mzee, leo wewe ndiye una mimba?"

Wakacheka. Nikajibu, "Nina hasira, mwanangu, na imetimiza miezi yake. Huyu uliyemwita mbuzi alikuogopa kuliko alivyoogopa kifo."

Muuguzi akatazama meza, kisha akanyoosha mkono. "Lete kadi, mama," akasema, sauti chini.

Wewe unayesoma, Mungu akujalie watu wa kukuuliza kwa upole, na akupe kinywa cha kuwajibu kweli. Amina.