Sanduku la Vitunguu la Mzee Nanyaro

Jamani, hili nalisema kwa sababu mmenibana, kwa hiari yangu ningekufa nalo. Chekeni tu, lakini mpaka leo nikipita Kisongo natazama upande wa pili.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, kila mwenye Land Rover mbovu hapa Arusha anajiita kampuni ya utalii, na bosi wetu Mama Aika, Mchaga asiye na mchezo na kazi, akanipa safari moja ya majaribio: ikienda salama nakuwa kiongozi wa msafara, nikiharibu narudi kuosha magari. Sasa mimi nilikuwa nimetoka semina ya siku tatu (tatu tu!), kichwa kimejaa, nikaitisha kikao cha timu asubuhi ya safari. Gari lilishapakiwa na mpishi wetu, Mzee Nanyaro, Mmeru mtaratibu aliyezijua mbuga kabla sijazaliwa, lakini mimi nikasema hapana, shusheni vyote tupange upya kitaalamu. "Na nikiongea sitaki kukatizwa!" Kalamu sikioni, wageni wanne wa Kizungu wananitazama, nikajiona waziri.

Zikashuka hema, majiko, maturubai, likafuata sanduku la vitunguu, zito balaa.

"Baba, hilo sanduku..." akaanza Mzee.

"Mzee, vitunguu vyote hivi kwa siku tano? Au unaenda kufungua genge Karatu?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Mtu wa umri wa baba yangu, namvua nguo mbele za watu! Akainamisha macho, sanduku likabaki kwenye yadi ya kampuni kule Sombetini.

Kufika Kisongo, siku ya mnada, watu wamejaa, tairi hilo, pancha. Natafuta jeki, hakuna, spana hakuna, na mimi kwa kimbelembele changu nikamgeukia dereva wetu Hassani (hana hata mwezi kazini) nikapaza sauti, "Umeuza jeki! Mwizi wewe!" Neno lile mnadani mnalijua. Watu wakaanza kumsogelea na fimbo, Hassani kaganda mlangoni mwa gari.

Mzee Nanyaro akapita katikati yao. "Mwacheni. Jeki na spana ziko kwenye sanduku la vitunguu." Kumbe tangu enzi za uhaba, jeki zilipokuwa zikiibwa kila kukicha, yeye huzifukia chini ya vitunguu, siri yake na Mama Aika.

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulisema tusikukatize, baba."

Hassani akadandia lori kurudi mjini, akaja na Mama Aika mwenyewe kwenye pikapu, sanduku nyuma. Hata hakusalimia. "Nani ameliacha hili?"

Nikainama kukagua tairi.

"Mimi, Mama," akasema Mzee. "Nimelisahau. Uzee huu."

Mama akamfokea pale pale, wageni wanaona, mnada mzima unaona, na mimi bado nakagua tairi. Kazi nikaipata. Nikajiambia nitamwomba radhi jioni, kisha kesho, kisha tukirudi, na miaka ikaenda mpaka siku tuliyomzika kule kwao Akeri, ambako mkewe alinishika mkono akaniambia Mzee alikuwa akinisifu sana.

Simshushii tena mtu mzigo wake bila kumuuliza. Lakini yule mjane wa Mzee, ukweli sikumwambia.