Kola ya Atoti

Wangu hakuwa mwizi, na ukimwita mwizi hata leo ataacha jembe shambani aje akuulize vizuri. Alikuwa na kijicho tu, na kijicho hicho kilianzia shingoni mwa ng'ombe.

Mwaka huo wa 2007, Pranav, kijana wa duka la dawa za mifugo mjini Nakuru, alikuja Kariandusi na kola moja ya majaribio. Kola ilipima mwendo wa ng'ombe. Akianza kuhangaika kwa joto la kutaka dume, ujumbe uliingia kwenye simu ya Pranav. Wangu alifagia zizi, akamwosha ng'ombe wake Maua kwa sabuni, ili achaguliwe yeye. Kola ikafungwa kwa Atoti, ng'ombe wa jirani yake Akeyo.

Iliuma, jamani! Wageni walimpita Wangu bila salamu wakienda kumpiga picha Atoti. Maziwa ya Akeyo nayo yakaongezeka, Wangu akaamini siri ni kola. Akeyo aliposafiri kwenda matangani na kumwachia zizi, Wangu akamvisha Maua kola hiyo kutwa nzima, aonje tu. Maua alishinda akirandaranda na kulia. Wangu akadhani ni furaha ya kuvaa kitu kipya, na jioni akairudisha.

Asubuhi Akeyo alikuwa amerudi, na Pranav akafika na daktari aliyebeba mtungi wa mbegu za dume.

"Mama Quincy," Pranav akamwambia Akeyo, "kola imetuma message. Atoti iko heat. Ile mimba ya mwezi jana haikushika."

Akeyo akashika kichwa. Daktari akavaa glavu ndefu.

Wangu alikuwa kando ya ua, amekauka. Alijua mimba changa ikichokorwa hutoka. Akisema, atachekwa mpaka Gilgil. Akinyamaza, Akeyo atakosa ndama, na wao wawili watakuwa sawa. Tuseme ukweli: hilo la kuwa sawa lilimpendeza.

Daktari akainua mkia wa Atoti.

"Daktari, wacha! Mwenye heat ni Maua yangu. Hiyo kola nilimvalisha yeye jana."

Akeyo akamgeukia daktari. Kisha akamwonyesha Wangu kwa kidole.

"Basi daktari, hiyo mbegu isirudi Nakuru bure. Pandisha ng'ombe ya Mama Nduta. Na kola pia mpatie, Atoti yangu iko na mimba, haina haja nayo saa hii."

Wangu aliipokea kola kwa mikono miwili, akashukuru kwa sauti ndogo. Lakini alirudi kwake na wivu mkubwa kuliko ule wa kwanza. Kumbe Akeyo alikuwa na roho nzuri pia, na hiyo humfungui mtu shingoni ukaivaa wewe.