Mlima Uliokataa Kuporomoka

Kijijini kwetu barabara ni moja, na mwenye kauli ya kuifunga ni mmoja: Mengia Caduff, mjane. Mimi, Luregn, ni dereva wa greda la theluji, kazi yangu ni kufungua anachofunga yeye. Kwa hiyo tumegombana maisha yetu yote, na nampenda kama dada.

Majira ya baridi, kila asubuhi hupanda peke yake nyuma ya kanisa na kuchimba shimo kwenye theluji mpaka aguse nyasi. Hukata nguzo ya theluji ukutani mwa shimo, huilazia beleshi juu, kisha hugonga: kwanza kwa kifundo cha mkono, halafu kwa kiwiko, halafu kwa nguvu za bega. Nguzo ikikatika mapema, theluji ya juu haijashikamana na ya chini, mteremko wote unaweza kuporomokea barabara, na barabara inafungwa hata jua likiwaka. Tahadhari kabla ya hatari, watu husema, lakini mtoa tahadhari hana wa kumshukuru. Kila nyumba hapa ina safari iliyoharibiwa na Mengia. Hakuna anayemwalika chakula.

Mwaka jana Seraina, binti yake wa pekee, alikuja kutoka Kanada. Walikuwa hawajasemezana tangu wagombane kuhusu kuuza nyumba ya babu. Alipiga simu akasema atapanda Jumamosi na mtoto, maana Jumapili wanaruka kurudi. Mengia, asiyeazima hata chumvi, alikuja kwangu kuazima kiti cha mtoto. Alioka keki ya jozi.

Jumamosi hiyo nilimfuata shimoni.

“Umefika begani?” nilimuuliza.

“Hata kiwiko sijafika. Imekatika kwa kifundo.”

Chini ya mkato, theluji ilikuwa ikimwagika kama sukari.

“Gonga pengine basi.”

“Nimeshagonga pengine, Luregn.”

“Dada yangu, ni gari moja tu! Nitawapitisha chapuchapu, nani atajua?”

“Angekuwa mwanao ndani ya gari hilo, ungeniomba nifungue?”

Nikaokota beleshi lake, nikalikung'uta theluji.

“Basi kateremshe kizuizi,” alisema.

Seraina alipofika bondeni alipiga simu. Nilikuwa jikoni kwa Mengia, nikasikia yote.

“Mama, kanisa naliona kutoka hapa. Fungua.”

“Siwezi, mwanangu.”

“Anga jeupe kabisa!”

“Naliona.”

“Huwezi au hutaki? Sema tu bado una kinyongo na mimi.”

“Seraina, mimi sina...”

Simu ilikatwa. Mengia alikata kipande cha keki, akakiweka kwenye sahani, hakukila.

Kesho yake upepo wa kileleni ulitulia, na helikopta ikaja kuulipua mteremko, ili theluji ishushwe kwa makusudi barabara ikiwa tupu. Kijiji kizima kilitoka kutazama. Mlipuko ulilia, vumbi jeupe likainuka kidogo, basi.

“Mengia!” mwalimu wa shule alipaza sauti. “Hiyo hata ndoo haijai!”

Watu wakacheka. Niliwaambia wafunge midomo, wakanicheka na mimi.

Theluji ile ilikaa palepale mpaka Mei, ikayeyuka polepole. Seraina hakupiga simu tena. Ng'ombe walipopandishwa malishoni nilimpelekea Mengia jibini, nikamkuta amekaa nje akiutazama mteremko ulivyo kijani.

“Nikuambie kitu kibaya?” alisema.

“Sema.”

“Siku ya helikopta niliomba mlima wote ushuke. Uizoe barabara, uzoe na zizi langu. Nipige picha, nimtumie Seraina.”

Nilimwambia anywe chai, itapoa. Hakunisikia.

“Maisha yangu yote nauomba usianguke, Luregn, nao hunisikiliza. Siku ile tu ndiyo niliuomba uanguke.”