Mpira Aliofunga Baba

Gari la baba lilikuwa na ugonjwa wake. Likisimama na injini ikiwa inaunguruma, linatetemeka kama mtu mwenye homa, mpaka kioo cha ndani kinacheza na mtu wa nyuma unamwona watatu. Ukikanyaga mafuta linasita kwanza, linawaza, halafu linaruka mbele ghafla. Kwa miezi miwili ya baridi sikuwa na wimbo mwingine. Walimu wenzangu wakiniona naingia shuleni kwa miguu, vumbi hadi magotini, walikuwa wameshaacha kuniuliza.

Ningeliuza, au ningelipaki uani kwangu Kizwite, mjini, kuku walale humo, kama si mama. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anapewa upadri, na ibada ilipangwa kufanyika Chala. Siku alipoingia seminari, baba alisimama mbele za watu akasema siku ya upadrisho yeye mwenyewe atampeleka mke wake kanisani, kwa gari hili hili. Baba alifariki miaka mitatu kabla ya siku hiyo. Tulipompigia mama simu kumwambia tutamkodishia gari zuri, laini, lenye viti virefu kwa ajili ya nyonga yake, alisema, "Nitaenda na gari la baba yenu. Kama haliendi, nitabaki Mpui na kuku wangu."

Mama yangu ni Mfipa wa kukata na shoka. Neno likimtoka halirudi. Na mimi, kifungua mimba, ndiye niliyeachiwa gari.

Fundi wa kwanza alikuwa kijana wa mtaani kwetu. Hata boneti hakuwa ameifungua. "Mambo, mwalimu? Hilo dogo sana. Plagi hizo." Akabadilisha plagi. Gari likatetemeka na plagi mpya. "Basi ni koili." Akabadilisha koili. Likatetemeka na koili mpya. Akajikuna kichwa, akatabasamu. "Au limerogwa, mwalimu? Si tuko Sumbawanga bwana!"

Nimezaliwa huku, nimesoma huku, na utani huo nimeusikia tangu nikiwa chuoni kwa watu ambao hata barabara ya kuja kwetu hawaijui. Kuusikia kwa mtu wa kwetu, na mikono yake imo ndani ya injini yangu, kulinichoma. Nilimwambia anayepiga ramli hapa ni yeye.

Fundi wa pili alikuwa na mashine ya kupimia. Huyu nilimwamini, maana mimi nafundisha sayansi darasa la sita, na kitu chenye kioo na maandishi kinanipa matumaini. Akachomeka waya chini ya usukani, akasubiri, akanisomea: mafuta yanayoingia kwenye injini ni machache kuliko hewa. "Unaona, mwalimu? Mashine haidanganyi. Pampu ya mafuta imechoka." Tukabadilisha pampu. Tukabadilisha na chujio. Nikalitoa gereji kwa fahari, na kwenye kona ya kwanza likanizimikia.

Mashine kweli haikudanganya. Mafuta machache kuliko hewa maana yake pia ni hewa nyingi kuliko mafuta. Mtoto wa darasa la sita angeligeuza sentensi hiyo akauliza hewa ya ziada inaingilia wapi. Mimi mwalimu wake sikuuliza. Nililipeleka tena, wakasafisha mdomo wa hewa, wakabadilisha sensa, na kila nilipolalamika nikaambiwa, "Gari la zamani hili, dada, livumilie." Nilikuwa na hasira za kuamka nazo asubuhi. Wanafunzi walizijua.

Wiki moja kabla ya upadrisho nikalipeleka kwa fundi wa tatu, mzee aliyestaafu kazi ya serikali, anayetengeneza magari uani kwake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniomba niliwashe. Hakushika spana. Aliinama tu, akasikiliza, akapitisha mkono polepole juu ya injini, na mkono ukasimama nyuma kabisa, kwenye bomba dogo la hewa lililoviringishiwa mpira mweusi.

"Hapa pamefungwa," alisema.

"Amefunga baba yangu."

Lazima nieleze. Nyumbani kwetu Mpui kila kitu kimefungwa mpira. Baba alikuwa na tabia ya kukata tyubu za baiskeli zilizochoka kuwa vipande virefu vyembamba, anavitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Mpini wa jembe ukilegea, unafungwa. Mguu wa kiti, redio, bomba la kupulizia dawa ya mahindi, vyote vilifungwa na baba. Wala si kwetu tu. Huku kwetu kitu kikishafungwa mpira wa tyubu kimeshatengenezwa, na mtu hakiangalii tena. Wale mafundi wawili wa kwanza waliuona mpira ule na kuupita, kama mimi nilivyoupita kila siku.

Lakini mimi nilikuwa na sababu yangu. Baba alikuwa na fundo lake: ncha ya mpira anaipitisha chini ya mzunguko wa mwisho mara mbili, halafu anaivuta kwa meno. Fundo lile lilikuwa pale nyuma ya injini, na alama ya jino juu yake. Nilipofungua boneti kuangalia maji nilikuwa naligusa kidogo kwa kidole. Sikumwambia mtu.

"Naomba niukate," mzee alisema, "niangalie kilichomo chini."

"Hapana. Huo usiguse. Tafuta kwingine."

"Mama, mficha uchi hazai."

"Sijaficha kitu, mzee wangu. Nimesema huo hapana."

Akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu. Akaniambia niende na gari langu, kwa kuwa hawezi kumtibu mgonjwa ambaye amekatazwa kumshika panapouma. Nikaona ni majivuno ya uzee. Niliondoka nimefura, gari likisitasita chini yangu hadi nyumbani.

Siku moja kabla ya ibada nilikwenda Mpui kumchukua mama. Kila mlima ulikuwa ugomvi. Njiani ng'ombe walikuwa wanavuka barabara, kundi kubwa la wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa, na nilipopunguza mwendo injini ikazima. Nikawasha, ikazima. Mchungaji alinitazama, akacheka kwa upole. "Dada, hata ndama wangu wanakuacha." Nilimjibu vibaya, na hakunikosea chochote.

Asubuhi mama aliamka kabla ya jogoo. Nilipotoka nje na ufunguo nilimkuta ameshaketi kiti cha mbele, kitenge kipya, rozari shingoni, fimbo katikati ya magoti, anatazama mbele kama tuko safarini tayari. Nikawasha. Likatetemeka, likakohoa, likazima. Nikawasha tena, likazima. Mara ya tatu nilipokanyaga mafuta lilisita kwa muda mrefu, halafu kimya.

Nikatoka nikapiga boneti kwa ngumi. Nikatukana, mbele ya mama yangu mwenye rozari, neno ambalo sijawahi kulisema mbele yake. Halafu nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Miezi miwili, mafundi watatu, na sasa mwanawe angewekewa mikono huku yeye yuko uani Mpui.

Mama alishuka kwa shida, fimbo kwanza, mguu mzima, kisha ule mbovu. Akaja mpaka mbele. "Fungua nione."

"Utaona nini, mama?"

"Fungua."

Nikafungua. Akachungulia, akaelekeza kwa fimbo. "Ule mpira wa baba yako. Mbona haujatolewa mpaka leo?"

"Niliuacha, mama. Alifunga yeye."

Alinitazama kama anavyomtazama mtu aliyemwagia chumvi uji wa ulezi. "Ile siku nampeleka hospitali, au niseme ile siku ananipeleka, maana alikataa mtu mwingine asiendeshe, gari lilianza hivi hivi njiani. Kutetemeka hivi hivi. Akashuka na homa yake, akaufunga. Akasema, huu ni wa kutufikisha mjini tu, kesho fundi aweke bomba jipya."

Kesho yake baba hakuamka kitandani hospitalini, na gari lilirudishwa nyumbani na jirani.

Nikawasha, na kabla halijazima nikakimbia mbele, nikabana mpira ule kwa kidole gumba. Ulikuwa umekauka na kupasuka kama kisigino cha kiangazi. Nilihisi hewa ikikivuta kidole changu. Na injini ikatulia. Nikaachia, ikaanza kutetemeka. Nikabana, ikatulia. Nilikasirika kuliko siku zote zile, na safari hii hapakuwa na fundi wa kumkasirikia.

Nikajaribu kulifungua fundo kwa kucha ili nisiliharibu. Halikufunguka. Mama akaingia jikoni, akarudi na kisu.

"Ulitufikisha," alisema. "Ulimaliza kazi yake siku ile. Wewe ndiye unayeufanyisha kazi mpaka leo."

Akaukata yeye mwenyewe. Chini yake bomba lilikuwa limechanika urefu wa kidole. Nikakimbia kwa fundi pikipiki wa pale senta, ambaye ana mpira wa mafuta anaouuza kwa kipande. Akaja nao, akauweka mahali pa lile bomba, akaukaza kwa vibanio viwili kwa muda ambao mtu angemaliza kikombe cha chai. Gari likawaka na kutulia. Niliogopa kulikanyaga. Nilipolikanyaga lilikwenda, bila kuwaza.

Mpira wa baba nilikuwa nimeukunja mkononi. Mama aliuona. "Kaa nao," alisema, "ila usifungie kitu."

Tulipita mjini bila kusimama. Baada ya hapo mama alishika rozari, akatazama mashamba yaliyovunwa. Tulifika Chala kengele inalia, maandamano yameshapangwa nje ya kanisa, na mdogo wangu yuko katikati yao na kanzu nyeupe. Alilitambua gari kabla hajatuona sisi. Nilimwona anafunika uso kwa mikono.

Mimi nilikuwa bado nimeshika usukani, sitaki kuzima, nasikiliza injini iliyosimama bila kutikisika. Mama aliweka kiganja chake juu ya dashibodi, akakiacha hapo.

"Haya," alisema, "amenifikisha. Zima sasa, unishushe."